Siku Baada ya Ushindi

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni. Somo: 1 Wafalme 18:46 hadi 19:21)



 Kama Biblia yako iko karibu, fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 18, mstari wa mwisho, kisha uendelee na mlango wa 19. Wengi wetu tunaijua habari ya Eliya juu ya mlima Karmeli, jinsi moto ulivyoshuka na manabii wa Baali wakaaibika mbele ya watu wote. Leo hatutakaa Karmeli. Tutatazama yaliyompata Eliya mara baada ya ushindi ule.

Lakini kabla ya kumfikia Eliya, tuwakumbushe habari za kijana mmoja wa huku kwetu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Agosti 2008. Huko Beijing, mji mkuu wa China, ilikuwa asubuhi ya siku ya mwisho ya Michezo ya Olimpiki. Huku kwetu ulikuwa bado usiku, yapata saa nane na nusu. Wanaume walijipanga kwa mbio za marathoni, kilomita 42 na mita 195. Joto lilikuwa limeanza kupanda, na wajuzi wa mbio hizo husema kwamba katika joto mwenye hekima huanza polepole ili ajiwekee akiba. Kijana wetu hakuanza polepole. Kilomita 5 za kwanza zilikwisha kwa chini ya dakika 15, na waliotaka kwenda naye wakaanza kuachwa mmoja mmoja. Alipoingia uwanjani alikuwa peke yake, na saa ilionyesha 2:06:32, yaani saa 2, dakika 6 na sekunde 32.

Rekodi ya Olimpiki iliyokuwapo ilikuwa 2:09:21. Iliwekwa na Carlos Lopes wa Ureno huko Los Angeles mwaka 1984. Rekodi hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko yule aliyeivunja, kwa kuwa Samuel Kamau Wanjiru alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986. Alikuwa na miaka 21 tu. Kabla yake Douglas Wakiihuri alikuwa ameleta medali ya fedha ya marathoni kutoka Seoul mwaka 1988, na Eric Wainaina akaleta shaba kutoka Atlanta mwaka 1996 na fedha kutoka Sydney mwaka 2000. Dhahabu ya mbio hizo ilikuwa haijapata kufika Kenya. Makanisa yalipogonga kengele Jumapili ile, ilikuwa imekwisha kupatikana, na aliyeipata ni mtoto wa Nyahururu.

Tuseme kidogo jinsi alivyofika huko, maana hapo ndipo penye funzo letu.

Samuel alilelewa na mama yake katika umaskini, na jina alilokimbia nalo duniani, Wanjiru, lilikuwa jina la mama huyo. Alianza kukimbia akiwa mtoto mdogo. Nyahururu iko juu sana, kiasi cha mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mtoto anayekimbia katika hewa nyepesi kama ile hujengeka kifua na moyo. Lakini kifua na moyo havilipi karo. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alipelekwa Japani kusoma katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei, akasoma na kukimbia mpaka alipomaliza mwaka 2005. Hebu fikiri, mzazi unayetusikiliza: mtoto wa miaka 15, katika nchi ambayo hajui lugha yake, chakula chake wala baridi yake, na mama yuko mbali, ng'ambo ya bahari.

Katika shule za Japani kuna mashindano yanayopendwa kupita kiasi, yanayoitwa ekideni. Ni mbio ndefu za barabarani za kupokezana. Kila mkimbiaji huvaa mshipi wa kitambaa begani, ukashuka kifuani. Akimaliza sehemu yake huuvua mshipi ule na kumkabidhi mwenzake anayemngoja, naye huuvaa na kuondoka mbio. Mshipi mmoja huvaliwa na timu nzima, nao hulowa jasho la watu wengi. Ukichoka njiani huwezi kukaa chini, kwa kuwa kuna mtu mbele yako anayenyosha mkono. Na ukikimbia vizuri huwezi kujisifu peke yako, kwa kuwa mshipi ulikujia ukiwa umekwisha kubebwa na wengine.

Katika mbio hizo ndimo kijana wetu alimokulia. Baada ya shule aliingia katika timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, chini ya mwalimu Koichi Morishita, ambaye mwenyewe alipata fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Huko kulikuwa na saa ya kuamka na saa ya kulala. Palikuwapo mtu wa kumwuliza amekula nini, na mtu wa kumwambia leo pumzika. Mwezi wa Septemba 2005, kabla hajatimiza miaka 19, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni huko Rotterdam kwa dakika 59 na sekunde 16. Mwaka 2007 aliivunja tena mara mbili, na ya mwisho ilikuwa dakika 58 na sekunde 33. Mwezi wa Desemba mwaka huo alikimbia marathoni yake ya kwanza, huko Fukuoka, akashinda. Miezi minane baadaye akawa bingwa wa Olimpiki.

Naye aliachana na maisha yale ya timu, akarudi kukaa nyumbani.

Ushindi haukukoma mara moja. Mwaka 2009 alishinda London kwa 2:05:10, na Chicago kwa 2:05:41. Mwaka 2010 alishinda tena Chicago, baada ya kupambana na Tsegaye Kebede wa Ethiopia mpaka mwendo wa mwisho kabisa. Mara mbili mfululizo alipata zawadi kubwa ya mashindano makuu ya marathoni duniani, dola 500,000 kila mara. Hizo ni fedha ambazo mkulima wa kahawa wa Mathira hawezi kuziona maisha yake yote, naye alizipata kabla ya kutimiza miaka 25.

Lakini kuelekea mwisho wa mwaka 2010 magazeti yaliacha kuandika habari za miguu yake, yakaandika habari za nyumba yake, na za kesi mahakamani. Na usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 16 Mei 2011, habari zilienea nchini kwamba Samuel Wanjiru amekufa, baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake hapo Nyahururu. Alikuwa na miaka 24. Tangu siku aliyovikwa dhahabu haikuwa imetimia miaka mitatu.

Watu wamebishana sana juu ya yaliyotokea usiku ule. Sisi hatuna kiti cha hakimu, wala hatukukiomba. Mnakumbuka katika Injili ya Luka, mlango wa 13, Bwana wetu aliwataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Hakukubali hata kidogo kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao wa Yerusalemu. Aliwageuzia wasikilizaji wake uso, akawataka wajitazame wao wenyewe. Nasi tufanye hivyo. Hatumtaji ndugu yetu ili tumsute, maana aliyekufa hawezi kujitetea. Twamtaja kwa kuwa alikuwa mtoto wetu, na kwa kuwa wapo watoto wengine.

Basi sasa tumtazame Eliya.

Mstari wa mwisho wa mlango wa 18 ni mstari wa mbio. Mvua imekuja baada ya miaka ya ukame. Ahabu amepanda gari lake, anakimbilia Yezreeli asije akazuiwa na mvua. Na Eliya, mkono wa Bwana ukiwa juu yake, anajifunga kiuno na kukimbia mbele ya farasi wa mfalme mpaka mlangoni mwa mji. Ni mwendo wa kilomita 25 hivi au zaidi, karibu kama kutoka Nyeri mjini hadi Karatina, na mvua inampiga. Siku hiyo ameshinda mlimani, na ameshinda barabarani. Hakuna siku katika maisha yake yote iliyokuwa na utukufu kama ile.

Fungua ukurasa. Mjumbe anakuja kutoka kwa malkia Yezebeli na maneno ya kutisha, na mtu yule yule aliyesimama mbele ya manabii 450 anakimbia tena, safari hii kwa hofu. Anafika Beer-sheba, na hapo anafanya jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: anamwacha mtumishi wake pale, kisha anaingia jangwani peke yake, mwendo wa siku nzima. Ndipo anapoketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu achukue uhai wake.

Tusilipite jambo hilo. Aliyeomba kufa hakuwa mtu aliyeshindwa, bali mshindi, na moto wa Karmeli ulikuwa haujapoa katika masimulizi ya watu. Twadhani hatari iko kabla ya ushindi, wakati wa njaa na karo na viatu vilivyotoboka. Ndiyo maana tunamwombea sana mtoto anayekwenda kufanya mtihani, au kijana anayekwenda kutafuta kazi. Akishapata, tunatoa shukrani, tunafunga kitabu cha maombi, na tunamhesabu kuwa amefika. Kumbe Maandiko yanatuonyesha kwamba mwili uliotumika wote una siku yake ya pili, na siku hiyo ni nzito. Sauti za kushangilia zimekwisha. Nguvu zimekwisha. Maadui wamebaki, na marafiki wapya hawajulikani kama ni marafiki kweli. Ndipo mtu anapomwacha mtumishi wake Beer-sheba.

Sasa tazameni Mungu alivyomtendea. Hakuanza na mahubiri. Hakumwuliza imani yako ya Karmeli iko wapi. Alimwachia alale. Kisha akamtuma malaika amguse, na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa kwenye makaa, na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, akamwambia kwamba safari iliyobaki ni ndefu kuliko nguvu zake. Usingizi, mkate, maji, na mkono wa kumgusa: hizo ndizo dawa nne za kwanza alizotumia Mungu kumponya mshindi aliyechoka.

Ndipo baadaye, huko Horebu, alipokuja kumwuliza anafanya nini pale. Na Eliya alipolalamika kwamba amebaki peke yake, Mungu alimjibu kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba wapo watu 7,000 katika Israeli ambao hawakupiga goti kwa Baali. Yaani hakuwa peke yake, ila hakuwajua wenzake. La pili, akampa jina la mtu: Elisha mwana wa Shafati. Eliya akashuka, akamkuta Elisha akilima, akapita karibu naye na kumtupia vazi lake begani. Na Elisha akaondoka, akamfuata, akawa mtumishi wake.

Mmeliona vazi lile? Nabii alikuwa amelibeba peke yake mpaka likamwelemea. Mungu hakumwambia alitupe, wala hakumwambia alibebe kwa nguvu zaidi. Alimpa mwenzake wa kumwekea begani. Wajapani wanajua jambo hilo katika mbio zao za mshipi, na Kanisa la Kristo lilipewa kulijua zamani kabla yao.

Wapenzi wasikilizaji, katika Olimpiki ile ile ya Beijing, juma moja kabla ya Wanjiru, tarehe 17 Agosti 2008, mwanamke wa Nyeri alikimbia marathoni ya wanawake. Ni Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatung'ang'a mwaka 1972, aliyesoma Ngorano na kuingia Idara ya Magereza. Constantina Dita wa Romania alitoka kundini mapema, wenzake wakadhani atarudi, naye hakurudi. Ndereba alikuja wa pili, sekunde 22 nyuma yake. Miaka minne kabla, huko Athens, alikuwa wa pili nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani kwa sekunde 12. Sekunde 12, baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili! Mama mmoja, Olimpiki mbili, fedha mbili. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Hatumweki mbele yenu ili awe fimbo ya kumpigia ndugu yetu wa Nyahururu. Kila mmoja alikuwa na mbio zake na mizigo yake. Twamtaja kwa ajili ya jambo moja. Ndereba alianza kushindana nje ya nchi mwaka 1995. Mwaka 1997 aliacha mashindano akajifungua mtoto, kisha akarudi. Mwaka 2001 huko Chicago alivunja rekodi ya dunia ya wanawake kwa 2:18:47. Alishinda Boston mara nne: 2000, 2001, 2004 na 2005. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2003 huko Paris, na tena mwaka 2007 huko Osaka, mwanamke wa kwanza kulipata taji hilo la marathoni mara mbili. Alipokimbia Beijing alikuwa na miaka 36.

Ninyi akina mama mnajua, wala hamhitaji kuambiwa: hakuna mama anayetoka kitandani kwa uzazi akarudi barabarani bila mikono mingine ya kumshikia mtoto, bila mtu wa kubaki nyumbani, bila nyumba inayoendelea naye akiwa safarini. Kwa kila alfajiri ya mazoezi kuna mtu aliyebaki na mtoto. Mkimbiaji anayedumu ana watu ambao hawamo katika picha. Medali haina nafasi ya kuandika majina yao, lakini Mungu anayo.

Basi tufanye nini sisi, tusio na miguu ya dhahabu? Twasema mambo matatu.

Jambo la kwanza ni hili: tumwite mshindi kwa jina lake, tusimwite kwa ushindi wake. Mtoto akirudi kutoka chuo kikuu na shahada, au kutoka ng'ambo na gari, au akilipwa fedha za shamba lililouzwa, mara hubadilishwa jina, akawa mheshimiwa na mgeni wa heshima. Huwekwa kiti cha mbele kanisani. Kila kamati ya harambee humwandikia barua, na kila ukoo humtafutia undugu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara nyingi tunamlaumu mgema peke yake; lakini wanaomsifu bila kikomo nao wana sehemu yao. Mtu aliyezungukwa na wanaotaka kitu kwake yuko jangwani, hata kama nyumba imejaa wageni. Basi katika kila ushirika awepo angalau mtu mmoja anayekwenda kumwona bila kitabu cha michango mkononi.

Jambo la pili: mkate kwanza, maneno baadaye. Mtu akianza kuyumba, sisi watu wa kanisa tunapenda kuanza na mashauri, na wakati mwingine na adhabu. Mtume Paulo, katika Wagalatia mlango wa 6, anawaagiza watu wa Roho wamrudishe kwa upole aliyenaswa katika kosa, huku kila mmoja akijiangalia asije akajaribiwa yeye pia. Kisha anasema tubebeane mizigo. Malaika wa Mungu alioka mkate. Je, ni nani katika mtaa wako ambaye watu wanamsengenya kwamba siku hizi amebadilika, hajulikani analala wapi, ameanza kunywa, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumpikia chai? Nenda. Usiende na orodha ya makosa yake. Nenda na unga. Keti. Ukimwona amechoka, mwache alale, urudi kesho. Malaika yule alikwenda mara mbili.

Lakini ndugu, yapo machozi ambayo chai peke yake haitoshi. Mtu akikuambia kwamba hataki kuishi, kama Eliya alivyosema chini ya mretemu, usimcheke, wala usimwambie hana imani. Eliya alikuwa na imani. Usimwache peke yake hata usiku mmoja. Mwite mchungaji, mwite mtu wa nyumbani kwake, mfuatane hospitali kwa daktari. Kufanya hivyo si kumkosea Mungu heshima. Mungu aliyeponya kwa mkate na usingizi anaponya pia kwa mikono ya waganga.

Jambo la tatu ni kwa ajili yenu mlioshinda, vijana na hata wazee. Msimwache mtumishi wenu Beer-sheba. Yule aliyekuambia ukweli wakati huna kitu, usimfukuze ulipopata. Mwalimu aliyekuamsha, mama aliyekuombea, rafiki aliyekukatalia jambo, hao ndio timu yako. Utakuja kuwahitaji zaidi siku ya kengele kuliko siku ya njaa. Na ukiona vazi limekuwa zito begani, usione haya kusema. Tafuta Elisha wako. Yuko karibu, pengine analima tu, wala hajui kwamba Bwana amekwisha kulitaja jina lake.

Rekodi ya Samuel Wanjiru ilidumu katika Olimpiki miaka 16. Huko Paris, mwezi wa Agosti 2024, Tamirat Tola wa Ethiopia aliipunguza kwa sekunde 6. Hivyo ndivyo zilivyo rekodi za wanadamu. Hata ile njema kabisa imewekwa ili mwingine aje kuivunja. Mtume Paulo aliyajua hayo alipowaandikia Wakorintho, watu waliokuwa na michezo yao mikubwa jirani na mji wao, ambako mshindi alivikwa taji la majani lililonyauka baada ya siku chache. Hakuwakataza kukimbia. Aliwataka wakimbie sana, lakini wajue liko taji lisilonyauka. Taji hilo halipatikani kwa kuwaacha wenzako nyuma. Katika mbio hizo anayesimama kumwinua aliyeanguka hapotezi sekunde hata moja.

Tunawafikiria leo watoto wanaokimbia asubuhi hii katika barabara za Nyahururu, na Nyeri, na Nanyuki, wengine bila viatu. Mmoja wao huenda akaleta dhahabu. Tunamwombea ailete. Na tunaliombea Kanisa, kwamba siku atakapoileta apate mkate ulio tayari, na mahali pa kulala, na mtu wa kumshika bega.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyemlisha Eliya jangwani, twakushukuru kwa nguvu ulizowapa watoto wa nchi hii. Uwafariji mama na jamaa wote waliozika mapema wale waliowategemea. Uwaangalie leo walio juu na hawana wa kuwashika, na walio chini ya mti wao, ambao hatujawaona. Utupe macho ya kuwaona, miguu ya kuwafikia, na ulimi wa kunyamaza inapopasa. Utufundishe kubebeana mizigo, mpaka sote tufike kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia siku njema, wapenzi wasikilizaji. Na kabla jua halijatua leo, mkumbuke mtu mmoja, mwende mkamwone. Kwaherini, na Bwana awe nanyi.